Yuri Lotman aliwezaje kusikika dunia nzima akiwa mji mdogo wa Tartu? Naomba mnieleze safari yake ya usomi

Binti_Ngamiani (Tanga)

Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Mwenzenu nina swali naomba mnijibu kwa kirefu maana nimetafuta kwa Kiswahili sijapata kitu cha maana.

Mimi nimesoma historia, saa hizi nafundisha sekondari hapahapa Tanga. Nje ya kazi nakusanya habari za kanga za kina mama wa Ngamiani na Makorora, na siyo kanga zenyewe tu, nauliza doti ilinunuliwa mwaka gani, nani alimpa nani, ilivaliwa kwenye shughuli gani, nani aliondoka na hasira kwa sababu ya lile jina lililoandikwa pale. Nataka hii ndo iwe masta yangu. Nilipokwenda kuuliza chuo kimoja nikaambiwa hayo ni mambo ya uani siyo historia, nitafute mada ya bandari au mkonge au siasa, tena nikaambiwa kama nataka kufika mbali basi nihame Tanga. Iliniuma sana jamani, maana wale bibi wanaonihadithia wanakufa mmoja mmoja na wanaondoka na vyote.

Sasa kuna mwalimu mwenzangu akanitajia Mrusi anaitwa Yuri Lotman, akasema huyu kajenga jina lake kwa kuandika historia ya vitu kama hivyo, watu walivyovaa, walivyocheza dansi, walivyogombana, walivyokaa mezani, na maisha yake yote ya kazi aliishi kimji kidogo, siyo Moscow wala Leningrad. Alisoma wapi huyu, kazi aliipataje, kwa nini alikwenda huko pembeni na alisikikaje dunia nzima akiwa huko? Na wenzake walimkubali au na yeye aliambiwa ni mambo ya uani?

kaole_msomaji (Bagamoyo)

Dada karibu, na pole kwa hayo uliyoambiwa. Lotman ni mtu ninayemheshimu mno kwa hiyo nivumilie nitaandika sana.

Kazaliwa Petrograd tarehe 28 Februari 1922, ndo Leningrad ya baadaye na St Petersburg ya leo, familia ya Kiyahudi, baba mwanasheria mama daktari wa meno, dada yake Lidia naye akaja kuwa mtafiti wa fasihi. 1939 akaingia Chuo Kikuu cha Leningrad, na hebu tazama walimu aliowakuta pale, Vladimir Propp aliyechambua muundo wa ngano za Kirusi, Boris Eikhenbaum, Boris Tomashevsky, yaani majina ambayo mpaka leo mwanafunzi wa fasihi popote duniani lazima apite kwao. Hajakaa sana 1940 akachukuliwa jeshini, mwaka uliofuata Wajerumani wakavamia, yeye akawa kwenye mizinga upande wa mawasiliano, kazi yake nyaya za simu, kuzitandika na kuziunga zikikatwa na mabomu. Vita ile kaimaliza akiwa hai, jambo ambalo vijana wengi wa umri wake hawakulipata, akarudi darasani mwishoni mwa 1946.

1950 anamaliza na alama za juu kabisa, halafu kazi hakuna. Ilikuwa miaka ya kampeni ya Stalin dhidi ya watu walioitwa makosmopoliti, yaani wasio na uzalendo, na waliolengwa hasa ni wasomi wa Kiyahudi, hata mwalimu wake Eikhenbaum alishafukuzwa chuoni 1949. Kijana mwenye cheti kizuri na medali za vita anatafuta kazi Leningrad nzima hapati. Ndo mwenzake mmoja waliyesoma pamoja akamwambia kule Tartu, Estonia, kuna chuo cha ualimu wanatafuta mtu wa kufundisha fasihi ya Kirusi. Akaenda. Kwa hiyo dada Tartu yeye hakuichagua, alisukumwa, na akakaa hukohuko mpaka kufa kwake tarehe 28 Oktoba 1993.

Sasa sikiliza sehemu yenyewe. Mwaka 1952 akatetea tasnifu yake ya kwanza kuhusu waandishi wa Kirusi Radishchev na Karamzin, 1954 akahamia Chuo Kikuu cha Tartu, 1960 akawa mkuu wa idara ya fasihi ya Kirusi, 1961 akatetea udaktari mkubwa. Wakati huohuo Moscow kulikuwa na vijana wa isimu na hisabati wanaotaka kusoma lugha, dini, sanaa, vyote kama mifumo ya ishara, fani inayoitwa semiotiki, wakafanya kongamano lao 1962 wakashambuliwa vibaya na wakubwa wa itikadi. Moscow hawana pa kukaa. Lotman akawafungulia mlango Tartu. Agosti 1964 akawakusanya Kääriku, kambi ya michezo ya chuo huko msituni, wakakaa siku kadhaa wanajadiliana kutwa, Vyacheslav Ivanov, Boris Uspensky, Aleksandr Piatigorsky na wengine, na mwaka uleule akaanzisha mfululizo wa machapisho unaoitwa Kazi za Mifumo ya Ishara, ambao mpaka leo unatoka na ndo jarida kongwe kuliko yote duniani la fani hiyo. Mkutano wa 1966 akaja mpaka Roman Jakobson kutoka Marekani! Kwenye kambi ya michezo, msituni, Estonia!

Ndo maana nasema kule pembeni hakukumzuia. Macho ya wakubwa wa Moscow hayakuwa makali Tartu kama yalivyokuwa Moscow kwenyewe, rekta, yaani mkuu wa chuo wa wakati ule, Fyodor Klement alimkingia kifua, na chuo kilikuwa na mashine zake za kuchapa. Jina semiotiki lilikuwa linawatisha watu kwa hiyo wakabuni namna ya kuliita jambo lao kwa maneno mengine ya kitaalamu sana ambayo hakuna ofisa angehangaika kuyafuatilia. Na mkewe Zara Mints, mtaalamu wa mshairi Blok, alikuwa msomi kamili pale idarani, naye ajulikane, maana watu wakimsifu Lotman wanamsahau.

Chumbageni_mkweli (Tanga)

Mkuu kaole umeeleza vizuri ila naomba tusimpe dada matumaini ya nusu. Tartu ni mji mdogo sawa lakini chuo kikuu chake ni cha 1632, kina maktaba kubwa ya tangu enzi za matsar wa Urusi. Lotman alikuwa na mshahara, idara, wanafunzi, mtambo wa kuchapisha. Sisi hapa Tanga dada anaandika kwenye daftari usiku baada ya kusahihisha mitihani ya watoto. Huwezi kusema tu "na wewe fanya kama Lotman".

Mimi ushauri wangu jiandikishe chuo kinachokubali mada, hata kama ni mbali, hata ukisoma kwa kwenda na kurudi. Ukisema utafanya peke yako mtaani daftari zitabaki kwenye sanduku. Shaaban Robert wa Vibambani hapahapa kwetu alikuwa karani wa serikali na aliandika vitabu vyote vile, nakubali, lakini yule alikuwa mshairi, shairi halihitaji msimamizi wala kamati. Utafiti unahitaji.

Na jingine, hizo habari za kuhifadhiwa na rekta, ziliishia wapi? Maana nijuavyo kule Sovieti ukipendwa leo kesho hupendwi.

Mzee_Raskazone (Tanga)

Wanangu hamjambo. Mimi nilisoma Leningrad miaka ya themanini, uhandisi, siyo fasihi, lakini wenzetu wa mabweni waliokuwa wanasoma lugha walikuwa wanamtaja huyu Lotman kila siku, na vitabu vyake vilikuwa havikai dukani, vikija asubuhi jioni havipo.

Kwanza nimsaidie binti kuelewa vyeo maana wa kwetu wanachanganya. Kule kuna ngazi mbili juu ya digrii. Ya kwanza inaitwa kandidati, hiyo ndo sawa na PhD ya huku. Ya pili inaitwa daktari wa sayansi, hiyo ni nzito, mtu anaitafuta miaka kumi au zaidi na wengi hawaifikii. Kwa hiyo ukisoma kwamba Lotman alipata kandidati 1952 na udaktari 1961 ujue kwamba ile ya pili aliitetea akiwa na umri wa miaka 39, na zote alikwenda kuzitetea Leningrad, kwenye mji uleule ambao haukumpa kazi.

Swali la Chumbageni ni la haki. Januari 1970 polisi wa usalama wa taifa walikuja nyumbani kwake kupekua, walikuwa wanafuatilia mambo ya Natalya Gorbanevskaya, yule mshairi aliyeandamana Uwanja Mwekundu wa Moscow 1968 kupinga majeshi ya Sovieti kuingia Czechoslovakia. Tangu hapo akawa mtu wa kuangaliwa. Kusafiri nje ya nchi hakuruhusiwa miaka na miaka, vitabu vyake vinatafsiriwa Ulaya yeye mwenyewe yuko Tartu. Rekta Klement alishaondoka 1970. Na 1977 akatolewa ukuu wa idara. Mwaka huohuo 1977 Chuo cha Taifa cha wasomi wa Uingereza kikamfanya mwanachama wake wa nje, yaani huku anashushwa kule anapandishwa. Baadaye akahamia idara ya nadharia ya fasihi palepale chuoni akaendelea kufundisha kama kawaida.

Halafu kuna jambo ambalo mimi lilinifurahisha nilipolijua, pale chuo chao cha Leningrad alikuwepo Dmitri Olderogge, huyu ndiye aliyefundisha Kiswahili pale tangu miaka ya 1930. Kwa hiyo Lotman anasikiliza mihadhara ya Propp, na kwenye majengo yaleyale kuna Warusi wanasoma ngeli za Kiswahili! Sisemi walikuwa marafiki, nasema tu kwamba huo ulimwengu hauko mbali nasi kama mnavyodhani.

Binti_Ngamiani

Shikamoo mzee wetu, asante sana, umenifungua macho hasa kwenye hizo ngazi mbili. Kaka kaole na kaka Chumbageni Mungu awabariki wote.

Ila bado jambo moja halijajibiwa na ndo linaloniuma zaidi. Yale mambo ya mavazi na dansi aliyaanza lini? Maana naona mnasema Radishchev, Karamzin, hao ni waandishi wakubwa, hakuna mtu anayekukatalia kuandika kuhusu waandishi wakubwa. Alitoka vipi kwenye vitabu akaingia kwenye maisha ya watu, na alifanyaje hata ikakubalika ni historia?

kaole_msomaji

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu.

Mambo ya maisha ya kila siku aliyaingia kwa nguvu miaka ya sabini, ameshaiva kabisa, ana zaidi ya miaka 20 ya kukaa na nyaraka za waandishi walewale. 1975 akatoa makala kuhusu Wadesemba, wale maofisa vijana wa kabaila walioasi St Petersburg Desemba 1825. Historia ya Sovieti ilikuwa na vitabu juu ya vitabu kuhusu siasa zao, katiba walizoandika, nani alinyongwa nani alipelekwa Siberia. Yeye akauliza kitu ambacho walikipita, hawa watu walikuwa wanaishije siku ya kawaida? Akakuta kwamba walikuwa wanakwenda kwenye dansi za makabaila halafu hawachezi, wanasimama wanaongea mambo mazito ukumbini, na kule kutocheza kwenyewe ni tamko, kila mtu pale anaelewa. Akaja kwa Ryleev, mmoja wa viongozi, alikuwa anaalika wenzake mchana kwa chakula cha Kirusi tupu, mkate mweusi, kabichi iliyochachushwa na vodka, wakati tabaka lao lilikuwa linakula Kifaransa na kuongea Kifaransa. Kabichi ile ni siasa. Halafu akaja kwa wake zao waliowafuata waume Siberia, akaonyesha kwamba wanawake hawa walikuwa wameshasoma kwenye mashairi habari za mwanamke wa karne iliyotangulia aliyemfuata mumewe uhamishoni, kwa hiyo siku ilipofika walikuwa na mfano wa kuishi. Fasihi ikageuka tendo.

Unaona alivyofanya? Hakuacha vitabu akaenda kwenye nguo. Alichukua ule umakini wa kusoma shairi, mstari kwa mstari, akausomea mwenendo wa watu. Akafanya hivyohivyo kwa karne ya 18, jinsi Tsar Peter alivyowalazimisha makabaila kunyoa ndevu na kuvaa Kijerumani, wakawa nyumbani kwao wenyewe wanaishi kama wako jukwaani wanatazamwa. Akaandika kitabu kizima cha maelezo ya Evgeni Onegin, ile riwaya ya mashairi ya Pushkin, kilitoka 1980, humo unajifunza mtu wa 1820 alikula saa ngapi, duwelo, yale mapigano ya watu wawili kutetea heshima, ilikuwa na taratibu gani, shamba liliwekwaje rehani, vyote kwa sababu bila hivyo wasomaji wa leo wanapita juu ya mistari bila kuona. Na 1984 akatoa wazo lake la semiosfia, kwamba utamaduni unaishi kwenye nafasi yake yenye kitovu na mipaka, na pale mpakani, panapokutana lugha mbili tatu, ndo kunazaliwa vitu vipya. Mtu aliyekaa Tartu katikati ya Waestonia anaandika kwa Kirusi alikuwa analijua hilo kwa mwili wake. Na sisi wa pwani, Bagamoyo na Tanga, tulipokutana na Waarabu na Wahindi na Wajerumani na watu wa misafara kutoka bara, tutashindwaje kuelewa?

Kuhusu kukubalika, wako waliomkataa miaka yote, walisema anacheza na maneno ya kitaalamu. Kilichowanyamazisha ni nyaraka. Huwezi kumwambia hana ushahidi wakati kaleta barua, shajara, kumbukumbu za wageni, amri za serikali, kila sentensi imekaa juu ya kitu.

Chumbageni, kwenye hoja ya taasisi nakuunga mkono, bila idara asingefika. Ila usisahau idara ile aliikuta ndogo, aliyeijenga ni yeye na Zara na wanafunzi wao. Hapa Bagamoyo chuo cha sanaa kimeanza 1981 na kina watu wanaojua ngoma za nchi nzima, wanachokosa mara nyingi ni wa kuandika.

Mama_Makorora (Tanga)

Mimi si msomi wa vyuo, nauza kanga miaka mingi, mwanangu ndo kanionyesha mazungumzo haya nikasema lazima niseme. Binti endelea! Wanaosema mambo ya uani hawajui kwamba ndoa ngapi mji huu zimepona na ngapi zimevunjika kwa kanga.

Ila angalia kitu kimoja unapouliza. Usiandike jina la kanga tu ukaondoka. Kanga yenye jina "Japo sipati tamaa sikati" akivaa msichana kwenye harusi ya shoga yake watu wanacheka wanapiga vigelegele, akiivaa mke mdogo akapita mbele ya mlango wa mke mkubwa hiyo ni vita, na akiivaa bibi wa miaka sabini anakwenda sokoni hiyo ni kanga tu kaikuta sandukuni. Doti ni hiyohiyo moja. Tena uliza kajifunga vipi na jina limekaa wapi, mgongoni kila mtu anasoma, likikunjwa ndani ujue hana ugomvi na mtu. Uliza nani alikuwepo. Na uliza aliyeambiwa alijibu kwa kanga gani, maana hujibiwa!

kaole_msomaji

Mama Makorora shikamoo. Hiki ulichosema Lotman angekaa chini akakiandika chote. Ndo kazi yake yenyewe hiyo.

Chumbageni_mkweli

Mama umenishinda, nakiri hoja ni nzito. Bado nasema dada atafute msimamizi, ila naongeza, aende akiwa ameshaandika hata kurasa ishirini za kesi kama hizi za mama, zimepangwa kwa mwaka na mtaa na tukio, na picha. Mtu akisoma hizo atamwambia siyo historia kwa mdomo gani? Kule nyuma alikwenda na wazo, sasa aende na ushahidi.

Mzee_Raskazone

Niongeze la mwisho la Lotman kisha nikalale. Kuanzia 1986 televisheni ya Estonia ikamweka mbele ya kamera akaeleza utamaduni wa Kirusi, dansi, michezo ya karata, malezi ya wasichana, heshima, akawa anaongea taratibu na masharubu yake makubwa bila kusoma karatasi, vipindi viliendelea mpaka 1991 na watu wa kawaida kabisa wakamfuatilia. Kitabu cha mazungumzo hayo kilitoka 1994, yeye ameshafariki. Mwaka 1989 akiwa Ujerumani, wakati ndo ameanza kuruhusiwa kusafiri, alipatwa na kiharusi, kusoma na kuandika kukawa shida, na mwaka uliofuata akafiwa na Zara. Akawa anasema watu wanaandika. Kitabu chake kuhusu utamaduni na mlipuko, kile cha 1992, kimetoka kwa njia hiyo, na mwaka huohuo Tartu ikafungua idara kamili ya semiotiki.

Binti, hao bibi zako wengine hawatapenda kuandika wala kuona daftari. Warekodi sauti kwa simu, waombe ruhusa kwanza, halafu uandike baadaye.

Binti_Ngamiani

Jamani mmenifanyia kitu kikubwa mno. Mama Makorora naomba nije dukani kwako Jumamosi baada ya adhuhuri inshallah, nitakuja na simu yenye chaji na doti tatu za marehemu bibi yangu ambazo sijawahi kumpata mtu wa kuniambia zilivaliwa kumjibu nani. Mzee Raskazone ule ushauri wa ruhusa nimeuchukua. Kaka Chumbageni hizo kurasa ishirini nazianza leo, na nitazipanga hivyohivyo ulivyosema, mwaka, mtaa, tukio. Kaka kaole kama hicho kitabu cha maelezo ya Onegin unacho kwa Kiingereza basi kuna basi linatoka Bagamoyo mpaka huku, mpe kondakta nitampokea stendi.

kaole_msomaji

Onegin kwa Kiingereza sina, nilisoma vipande tu. Ninacho kitabu cha makala zake za mwenendo wa kila siku, hiyo ya Wadesemba imo. Kitafika Jumatatu. Kina maandishi yangu ya kalamu pembeni, usijali, na wewe andika yako.